Rufaa ya Mali za Ndoa Huamuliwa Mapema

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilitoa hukumu ambayo hadi leo haikosekani katika mabishano ya mali za ndoa: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa hawaelewani. Wapo walioona kupika, kufua na kulea watoto ni wajibu tu wa mke, na kwamba malipo yake ni matunzo anayopata kwa mumewe. Wengine walisema kazi hiyo ndiyo inayompa mume nafasi ya kutoka asubuhi kwenda kutafuta, kwa hiyo kila tofali linalonunuliwa lina jasho la wawili. Mahakama ya Rufani ikaenda na hawa wa pili. Tangu hapo mama wa nyumbani anayeachwa ana la kusema mbele ya hakimu, hata kama hajawahi kushika mshahara.

Sehemu ya pili ya hukumu hiyo haisimuliwi sana. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mahakama iliridhika kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzishia mradi wa familia, naye akazitapanya, ikaona fungu lake lilikwisha kuliwa. Alishinda hoja, akashindwa kesi. Wanawake wengine wamekula matunda ya rufaa yake kwa miaka zaidi ya 40.

Pengo hilo, kati ya kanuni nzuri na fungu analoondoka nalo mtu mkononi, ndilo linalozaa rufaa za mgawanyo wa mali. Mtu anasoma au anasimuliwa kwamba sheria inamtambua, anapewa asilimia ndogo, au mwenzake anapewa nusu ya kitu ambacho yeye anaamini alikijenga peke yake, na neno la kwanza kumtoka ni “nakata rufaa”. Ni haki yake. Ila wengi huingia humo wakidhani wanakwenda kusimulia upya, safari hii kwa mtu mwenye akili zaidi. Sivyo. Jaji wa rufaa hasikilizi ndoa yenu. Anasoma jalada, na ndani ya jalada yamo yale tu mliyoyasema na kuyathibitisha kule chini.

Tuanze na sheria yenyewe, maana rufaa nyingi hunukuu nusu yake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa jitihada za pamoja katika ndoa, pale inapotoa talaka au amri ya kutengana. Kabla ya kugawa, mahakama itazame mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto walio chini ya umri. Ikishayapima hayo, iegemee kwenye usawa. Anayetaka nusu hukariri sentensi ya mwisho, na asiyetaka kutoa nusu hukariri neno “mchango”. Yote mawili yamo katika kifungu kimoja, na lile la usawa limefungwa kwa yale yaliyotangulia. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani imerudia mara kwa mara kwamba kiwango cha mchango ni jambo la ushahidi. Bi Hawa alifungua mlango, lakini anayepita bado lazima aonyeshe amebeba nini.

Kifungu hicho kina mkia ambao watu huusahau. Mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa inaweza kuingia kwenye mgawanyo kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, ama na mwenzake, ama kwa nguvu ya wote wawili. Mwanaume aliyekuja na kiwanja chenye msingi tu, nyumba ikasimama wakiwa pamoja, hawezi kusema “alinikuta nacho, hakimhusu mtu”. Na mwanamke aliyekuja na duka lake hawezi kusema hivyo pia, ikiwa mume ndiye aliyelipanua. Kifungu cha 60 nacho kinaweka dhana: mali yenye jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na yenye majina yote mawili huchukuliwa kuwa wana haki sawa. Dhana hiyo huvunjwa kwa ushahidi. Machozi hayaivunji.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, ila wa aina ambayo karani yeyote wa Mahakama ya Mwanzo ameuona mara nyingi. Wawili wameoana, wamenunua kiwanja Mbagala. Karatasi ya mauziano imeandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, muhuri wa mwenyekiti upo, jina la mnunuzi ni la mume. Mke alikopa kwenye kikoba, fedha ikanunua mabati. Mke ndiye aliyesimamia mafundi, mume akiwa safarini na lori. Ndoa inavunjika, wanafika mahakamani. Mke anasimama na kusema: “Nyumba tulijenga wote.” Hakimu anaandika sentensi hiyo. Mume anasema: “Nilijenga kwa fedha zangu, hii hapa karatasi ya kiwanja.” Hakimu anaandika, anapokea karatasi kama kielelezo. Mke anaulizwa kama ana swali kwa shahidi. Anasema hana. Hukumu inakuja: mke asilimia 20.

Mke huyu ana daftari la kikoba nyumbani. Ana risiti ya mabati, imefifia lakini inasomeka. Fundi yuko hai, yuko Kongowe, na mjumbe aliyemshuhudia akipokea mchanga yupo mtaa uleule. Hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye jalada, kwa sababu aliamini ukweli unajulikana. Akifika Mahakama ya Wilaya kwa rufaa na mfuko wa risiti, ataambiwa hapa si mahali pake. Sheria inaruhusu ushahidi wa nyongeza katika rufaa, lakini kwa kubana: lazima kuwe na sababu nzito kwa nini haukutolewa mwanzo, na “sikujua kama unahitajika” kwa kawaida haitoshi. Na lile swali ambalo hakumuuliza mume? Kutomhoji shahidi juu ya jambo zito huweza kuchukuliwa kwamba umelikubali.

Haina maana kwamba rufaa yake imekufa. Katika rufaa ya kwanza mahakama ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi wakisema. Hapo anaweza kuuliza mambo ya maana. Je, hakimu alisema kwa nini asilimia 20 na si 35? Alizungumzia kazi ya nyumbani na malezi, ambayo tangu 1983 si hiari kuyapima? Alihesabu usimamizi wa mafundi kuwa kazi? Deni la kikoba, kama mume mwenyewe alilitaja hata kwa kupita, lilipewa uzito gani? Kama hukumu imeruka kutoka “nimesikia pande zote” hadi kwenye asilimia bila daraja katikati, hiyo ndiyo sababu ya rufaa.

Kwa maoni yangu hapa ndipo mahakama za chini zinapojiletea rufaa zenyewe. Sheria imewaachia mahakimu uamuzi mpana wa kupanga mafungu, na sioni vibaya, kwa sababu ndoa ya mkulima wa Mbozi haifanani na ya mwenye mabasi wa Moshi. Lakini uamuzi mpana bila maelezo unafanana sana na kukisia. Aliyepewa asilimia 30 akaelezwa kwa nini anaweza kununa na kukubali. Aliyetupiwa namba tu atatafuta wakili hata kama namba yenyewe ilikuwa ya haki.

Na jaji wa rufaa naye ana mipaka yake. Tangu kesi ya Mbogo dhidi ya Shah ya mwaka 1968, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki na bado inanukuliwa Tanzania na Kenya, mahakama ya juu haibadili uamuzi wa aina hii kwa sababu tu yenyewe ingeamua tofauti. Lazima ionekane kwamba aliyeamua alijielekeza vibaya, alizingatia yasiyohusika, aliacha yanayohusika, au alifika mahali ambapo ni wazi amekosea. Kwa hiyo sababu ya rufaa inayosema “fungu nililopewa ni dogo” ni malalamiko tu. Inayosema “hakimu alikataa kuhesabu malezi ya watoto akidai ni wajibu wa mke” ni hoja ya sheria, na ina meno. Ukifika Mahakama ya Rufani mambo hubana zaidi: mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya ukweli, majaji wa juu hawaugusi ila kama kuna upotofu wa wazi wa ushahidi au wa kanuni.

Jambo jingine linalowaudhi watu ni kosa la kuvunja ndoa. Mume alizini, mke alitoroka, nani alimpiga nani: hayo ni ya talaka. Katika mgawanyo, mahakama hupima mchango na mahitaji, haigawi mali kama adhabu. Kurasa nyingi za rufaa hujazwa visa vya hawara, na jaji huzipita. Mwanya uliopo ni ule uliomwangusha Bi Hawa, yaani kufuja mali ya familia. Aliyeuza gari la biashara akalewea anaweza kukuta thamani yake imehesabiwa upande wake. Hilo nalo lithibitishwe, na lithibitishwe kule chini.

Nije kwenye siku, kwa sababu kuna wanaoshindwa kabla hoja hazijasomwa. Shauri likianzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, Sheria ya Ndoa inatoa siku 45 za kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu, na rufaa hiyo hufunguliwa katika mahakama ileile iliyotoa uamuzi. Watu huipeleka moja kwa moja Mahakama Kuu wakakutana na pingamizi la awali. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo hupanda kwanza Mahakama ya Wilaya, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu inatoa siku 30. Kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine, na hati inawekwa Mahakama ya Wilaya. Hoja ya kama zile siku 45 zinawafikia na waliotoka Mahakama ya Mwanzo imewahi kubishaniwa mahakamani. Mwenye busara hahangaiki na mjadala huo, anahesabu 30. Kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya rufaa ni ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi iwekwe.

Mtego mkubwa zaidi ni wa nakala. Mtu anasomewa hukumu, anaomba nakala, anaambiwa na karani “njoo wiki ijayo”, anakwenda, anarudishwa, mwezi unakatika. Akifungua rufaa anaambiwa amechelewa. Kwa shauri lililoanzia wilayani au kwa Hakimu Mkazi, muda wa kusubiri nakala inayotakiwa kuambatishwa unaweza kutolewa kwenye hesabu, ili mradi aliiomba kwa wakati na ana uthibitisho. Kwa lililoanzia Mahakama ya Mwanzo hali ni tofauti kabisa: sheria haimtaki mrufani aambatishe nakala ya hukumu, na Mahakama ya Rufani imeshasema hivyo. Maana yake ni kwamba kule ambako watu wengi hawana wakili, kusubiri nakala si kisingizio kinachokubalika kirahisi. Anachopaswa kufanya ni kuandika sababu zake za rufaa kwa yale aliyoyasikia siku ya hukumu, kufungua ndani ya siku 30, na kuendelea kudai nakala huku shauri limeshapata namba. Ni ajabu kwamba jambo rahisi namna hii halibandikwi ukutani kila mahakama.

Aliyechelewa huomba kuongezewa muda kwa hati ya kiapo, na huko hudaiwa aeleze kila siku ya ucheleweshaji, si kwa jumla jumla. “Niliumwa” bila karatasi ya hospitali haifiki mbali. Kinachookoa wakati mwingine ni uharamu ulio wazi kwenye hukumu yenyewe, unaoonekana bila kuchimbua.

Uharamu wa namna hiyo upo, na mmoja wake unaua kesi nzima. Sheria ya Ndoa inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini linalotambuliwa, na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Bila hati halali, isipokuwa kwa hali za pekee ambazo sheria imezitaja, maombi ya talaka hayakupaswa hata kupokelewa. Mahakama ya Rufani imefuta mashauri kwa sababu hiyo: talaka, mgawanyo, vyote. Wakili wa upande ulioonewa kwenye mgawanyo hulitazama hilo kwanza, na huwa anashinda. Lakini mteja aelewe ameshinda nini. Hajapata fungu kubwa zaidi. Amerudishwa mlangoni, bado mume au mke wa mtu, aanze baraza upya. Kwa aliyekuwa amepewa asilimia 20 ya nyumba, huo unaweza kuwa ushindi. Kwa aliyekuwa anaishi kwa shangazi na watoto akisubiri fungu hilo, ni mwaka au miaka mingine ya kusubiri. Hoja hii isiinuliwe kwa sababu tu ipo.

Walioishi pamoja bila ndoa nao wasikate tamaa mapema. Kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mume na mke, na hata dhana hiyo ikivunjwa, mahakama inaweza kutoa nafuu zinazofanana. Rufaa zao mara nyingi huangukia kwenye swali moja: mtaa uliwajua kama nini? Zanzibar, kwa upande wake, haitumii Sheria ya Ndoa ya 1971. Ina mahakama za kadhi na ngazi zake za rufaa, na hesabu ya siku huko ni nyingine.

Wakenya wameupitia mjadala huu kwa njia ndefu zaidi, na hukumu zao husomwa huku. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilimpunguzia mke kutoka nusu hadi robo ya shamba la Tigoni, ikishikilia kwamba mchango usio wa fedha haukuwa na msingi katika sheria ya wakati ule, sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882. Ilipokuja Katiba ya 2010 na Sheria ya Mali za Ndoa ya 2013, kazi za nyumbani, malezi, kilimo, usimamizi wa biashara na hata uandani vikaandikwa kuwa mchango. Mawakili wanawake wa chama cha FIDA wakaenda Mahakama Kuu kudai kwamba kugawa kwa mchango kunakiuka usawa wa Katiba, wakashindwa mwaka 2018. Kisha Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Ogentoto. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba ya familia na 20 ya vyumba vya kupangisha, na Mahakama ya Rufani ikampandisha hadi nusu. Mahakama ya Juu ikaiacha nusu hiyo isimame, kwa ushahidi uliokuwepo, na papo hapo ikasema Katiba haitoi nusu kwa nusu moja kwa moja: kila mmoja athibitishe mchango wake.

Magazeti mengine yaliandika kwamba wake wamepewa nusu, mengine kwamba wamenyimwa. Yote yalikuwa na sehemu ya ukweli. Kinachonivutia ni jinsi mke yule alivyobebwa na jalada: alikuwa mwajiriwa, alikopa, na mikopo ikaonekana kwenye karatasi. Mwanamke wa kijijini aliyepalilia kahawa miaka 20 ana haki ileile kwenye sheria, ila hana hati ya mshahara. Ushahidi wake ni majirani, mtunza vitabu wa chama cha ushirika, watoto wakubwa. Wasipoitwa, hawapo. Kwa hiyo napenda uamuzi wa Kenya kwa ukweli wake na bado naona unawaelemea wasio na karatasi. Ile amri ya Tanzania ya kuegemea usawa, kama ingechukuliwa kwa uzito na mahakimu, ingewafaa zaidi hao.

Mrufani mwingine hafikirii kabisa upande wa pili. Ukikata rufaa ukidai kuongezewa, mwenzako anaweza kuleta rufaa yake kinzani akidai upunguziwe, na mahakama ikakubaliana naye. Mtu aliyepewa asilimia 40 kwa ushahidi mwembamba, hakimu akiwa amemwonea huruma, anapaswa kukaa na msaidizi wa kisheria au wakili na kuusoma mwenendo wa shauri kabla ya kwenda mbele. Kwa Mahakama ya Mwanzo mwenendo huo umeandikwa kwa Kiswahili tangu zamani, na mabadiliko ya sheria ya 2021 yamekifanya kuwa lugha ya mahakama zote, kwa hiyo hakuna sababu ya kuusikia kwa kusimuliwa.

Mwisho ni nyumba yenyewe. Kukata rufaa hakusimamishi kukazwa kwa hukumu. Mwenzako anaweza kuomba utekelezaji wakati rufaa yako inasubiri tarehe, na dalali wa mahakama akafika na tangazo la mnada. Anayetaka kuzuia lazima afungue maombi ya kusimamisha utekelezaji, aonyeshe hasara kubwa itakayompata, asichelewe, na awe tayari kutoa dhamana. Akiwa Mahakama ya Rufani ana siku 14 tu tangu apate taarifa ya utekelezaji. Hatari nyingine haipitii kwa dalali kabisa: mwenye jina kwenye karatasi anauza usiku kwa mtu wa tatu. Sheria ya Ndoa inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi ndoa ikiwa bado ipo, na kwa ardhi iliyosajiliwa mwenzi anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Kwa kiwanja cha karatasi ya mtaa, kinachowezekana ni kumpelekea mwenyekiti wa serikali ya mtaa nakala ya rufaa kwa barua, asaini kuipokea, ili atakapoletewa mnunuzi asiseme hakujua, na mnunuzi naye asijiite mnunuzi wa nia njema. Barua hiyo ipelekwe wiki ileile rufaa inapofunguliwa.